Moto wa Juu na Moto wa Chini: Jinsi ya Kuipanga Oveni kwa Kila Chakula

Bibi yangu hakuwa na oveni, lakini mkate wake wa kumimina uliiva juu na chini kwa rangi moja. Aliumimina kwenye sufuria iliyokwisha kupata moto juu ya jiko la mkaa, akasubiri hadi pembeni paanze kushika, akaifunika kwa mfuniko wa bati, kisha akapalia makaa juu ya mfuniko huo. Sisi wajukuu tuliomsaidia tuliambiwa maneno yale yale kila mara: "Chini machache, juu mengi. Ukizidisha chini, utakula mkate mweusi kitako na mbichi tumboni." Miaka mingi baadaye, nilipopata jiko la kwanza lenye oveni na kukuta kwenye swichi yake alama saba zisizo na neno hata moja la maelezo, ni maneno hayo ya bibi yaliyonifungua macho.

Koili ya juu ni yale makaa ya mfunikoni, koili ya chini ni jiko lenyewe, na kazi ya mpishi imebaki ileile ya kuamua moto utoke wapi na uwe mkali kiasi gani. Watu wengi ninaokutana nao katika shughuli hii ya kuoka huiacha swichi ya alama mahali pamoja mwaka mzima, wakageuza namba ya joto tu, na chakula kinapoharibika wakalaumu unga, mayai au hamira. Ninaamini kwamba nusu ya keki zinazotupwa zingeokolewa kama mwenye jiko angeanza kwa kuielewa swichi hiyo anayoipita.

Kuzisoma alama

Mistari miwili, mmoja juu na mwingine chini ya kisanduku, ina maana kwamba koili ya juu na ya chini zinawaka pamoja. Huu ndio mpangilio wa kawaida, na asiyejua achague upi aanze na huo, kwa sababu keki, mikate, nyama na vyakula vya kwenye bakuli vyote huiva vizuri katika moto huo uliotulia. Mstari mmoja wa chini ni moto wa chini peke yake, unaofaa kumalizia kitako cha chakula ambacho juu kimeshapata rangi lakini chini bado kina unyevu. Mstari wenye meno kama ya msumeno, ukiwa juu, ni grili. Hapo koili huwaka hadi ikawa nyekundu na kukipiga chakula usoni moja kwa moja, kama mshikaki unavyopigwa na makaa, ila huku moto unatoka juu.

Alama ya pangaboi dogo ni feni. Ikiwa ndani ya duara, basi kuna koili ya mviringo nyuma ya feni hiyo, na joto lote linatoka huko na kusambazwa na hewa. Ikiwa pamoja na mistari miwili, koili za juu na chini zinawaka huku feni ikizungusha hewa. Feni pamoja na mstari wa chini ndiyo mpangilio ambao watengenezaji wengi huukusudia kwa piza. Taa peke yake haiwashi koili yoyote, lakini usiidharau: katika miji ya baridi kama Njombe au Mbeya, hasa mwezi wa Juni na Julai, donge la unga lililofunikwa kwa kitambaa na kuwekwa kwenye oveni iliyofungwa yenye taa ya balbu ya kizamani hupata vuguvugu la kutosha kuumuka.

Kuhusu feni, iko kanuni moja inayostahili kukaa kichwani. Nguo zilizoanikwa siku ya upepo hukauka upesi kuliko zilizoanikwa siku ya jua tupu, na chakula kilicho katika hewa inayotembea nacho hupokea joto na kupoteza unyevu upesi zaidi kuliko kilicho katika hewa iliyosimama. Kwa hiyo maelekezo ya mapishi yakisema nyuzi 180 bila kutaja feni, ukiiwasha feni shusha hadi nyuzi 160, na uanze kukichungulia chakula mapema kidogo. Feni inafaa pale unapotaka ukavu na rangi ya pande zote, kama vile ngozi ya kuku, viazi, au trei mbili za biskuti zinazookwa kwa wakati mmoja. Haifai kwa mkate wa mayai, kastadi na keki nyingine nyepesi ambazo rojo lake ni laini, kwa sababu hewa huwahi kukausha ganda la juu kabla katikati hapajapanda, na wakati mwingine huisukuma keki ikainamia upande mmoja.

Namba na maana zake

Mapishi mengi tunayoyapata mitandaoni huandikwa kwa nyuzi za Selsiasi, lakini yale yanayotoka Marekani huandikwa kwa Farenhaiti, na kuchanganya mizani hizo mbili ni njia ya uhakika ya kuunguza au kuacha chakula kibichi. Nyuzi 325 za Farenhaiti ni kama 165 za Selsiasi, 350 ni kama 180, 400 ni kama 200, na 450 ni kama 230. Majiko ya gesi yanayofuata utaratibu wa Uingereza yana namba 1 hadi 9: namba 2 ni nyuzi 150 hivi, namba 4 ni 180, namba 6 ni 200, na namba 8 ni 230. Jiko lililotengenezwa kwingine linaweza kuwa na namba za mpangilio wake mwenyewe, au likawa na alama ya moto mdogo na moto mkubwa tu. Mwenye jiko la namna hiyo asikisie, bali asome kijitabu chake au anunue kipimajoto kidogo cha kuning'iniza kwenye rafu.

Kipimajoto hicho ningemshauri kila mtu awe nacho, hata mwenye oveni ya bei kubwa, kwa kuwa namba iliyo kwenye swichi na joto lililomo ndani si lazima vilingane. Tofauti ya nyuzi 10 hadi 20 ni jambo la kawaida kwenye oveni za nyumbani, na huongezeka jiko linapozeeka au mpira wa mlango unapolegea.

Asiye na kipimajoto anaweza kutumia sukari. Sukari nyeupe ya mezani huyeyuka karibu na nyuzi 186, na hiyo ni bahati nzuri kwetu kwa sababu sehemu kubwa ya mapishi hupita hapo hapo. Washa moto wa juu na chini, weka nyuzi 180, subiri dakika 20 kamili ili joto litulie, kisha weka nusu kijiko cha sukari juu ya kipande cha foili kwenye rafu ya kati na ufunge mlango. Baada ya dakika 15 itazame kwa makini. Chembe zikiwa bado zimesimama moja moja, kavu na nyeupe, joto halijapita kiwango. Ukikuta zimeanza kung'aa pembezoni na kugeuka kidimbwi cha rangi ya asali, oveni yako ina joto kuliko inavyosema. Rudia kwa nyuzi 190 na sukari mpya. Hapo inapaswa kuyeyuka, na isipoyeyuka, oveni yako iko nyuma. Ukishajua inakosea upande gani na kwa kiasi gani, andika kwenye kipande cha karatasi na ukibandike kwenye kabati la karibu, kwa mfano "punguza 15", na kuanzia siku hiyo fuata karatasi yako.

Jaribio jingine linahitaji boflo moja tu. Panga vipande vya mkate vifunike rafu nzima ya kati, weka nyuzi 180, na uvitoe baada ya dakika kama 10. Pale vilipogeuka kahawia ndipo moto wako ulipozidi. Katika oveni nyingi nilizozitumia ni pembe za nyuma, na ndiyo maana ninazungusha trei nyuma mbele pale chakula kinapokuwa kimefika theluthi mbili za muda wake.

Mtumiaji wa umeme anapaswa kujua jambo la ziada. Jioni, mtaa mzima unapopika kwa pamoja, umeme huweza kushuka, na nguvu ya koili hushuka kwa kasi kuliko umeme wenyewe: volti zikitoka 230 zikawa 200, koili ya wati 2,000 hutoa wati 1,500 hivi. Oveni itafikia joto uliloliweka, lakini itachelewa, na taa ndogo ya joto itakaa imewaka muda mrefu. Usiingize keki kabla taa hiyo haijazimika kwa mara ya kwanza, hata kama mazoea yako yanakwambia kwamba dakika 10 zinatosha.

Keki

Nitakaa zaidi kwenye keki kwa sababu ndiyo inayowakatisha watu tamaa. Chukua keki ya siagi ya robo kwa robo, yaani siagi robo kilo, sukari robo, unga robo, na mayai manne au matano, katika chombo cha mduara cha sentimita 20. Mpangilio wake ni moto wa juu na chini bila feni, nyuzi 170, na rafu ile itakayofanya katikati ya keki, wala si kitako chake, iwe katikati ya oveni. Kwa kawaida ni rafu moja chini ya ile ya kati.

Katika dakika 10 za kwanza siagi inayeyuka na rojo linalegea. Ukitazama kupitia kioo utaona uso umesawazika na unang'aa. Kuanzia dakika ya 15, hewa uliyoipiga kwenye siagi, gesi ya beking pauda na mvuke wa maji vyote vinatanuka, na keki inapanda. Pembeni hushika kwanza kwa kuwa pamegusana na chuma, wakati katikati bado panatikisika kama uji mzito. Hapa ndipo usipopaswa kabisa kufungua mlango. Kuta za vile viputo bado ni laini, na joto likishuka ghafla gesi hunywea na katikati huzama bila kupanda tena. Ikifika dakika ya 35 au 40, mayai na wanga vimeshaganda, uso umepoteza mng'ao na kupata rangi ya majani makavu. Baada ya dakika ya 45 harufu huanza kujaa jikoni, na pembezoni keki huachia chombo kwa upana wa uzi. Sasa fungua, choma katikati kwa kijiti cha mshikaki, na kikitoka kikavu au na chembe chache zisizo na utelezi, itoe. Kwa kawaida huwa ni kati ya dakika 50 na 60.

Ukilijua hilo, makosa ya keki yanasomeka. Keki iliyopasuka juu na kuota kilima imeokwa kwa moto mkali: kingo na ganda viliganda mapema, na rojo la katikati likatafuta pa kutokea. Punguza nyuzi 10 hadi 15. Iliyozama ilifunguliwa mapema, au ilitolewa mbichi, au ilizidishiwa beking pauda. Iliyokuwa nyeusi chini na nyeupe juu ilikuwa karibu mno na koili ya chini, au iliwekwa kwenye moto wa chini peke yake pasipo mwenyewe kujua. Iliyopata rangi juu mapema haihitaji kushushiwa moto. Ilaze tu karatasi ya foili juu yake bila kuibana, baada ya kuhakikisha imeshaganda. Chombo nacho kina neno lake: bati jeusi hufyonza joto kuliko alumini inayong'aa, na kwa hiyo linahitaji kupunguziwa nyuzi 10 au zaidi kidogo.

Wasomaji wa nyanda za juu wasishangae keki ya mapishi ya Dar es Salaam au Mombasa inapowaharibikia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi, gesi hutanuka upesi na keki hupanda kabla haijapata nguvu ya kujishikilia. Dawa yake ni kupunguza kidogo beking pauda, kuongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa, na kupandisha moto kwa nyuzi 5 hadi 10 ili igande mapema.

Keki ya matunda iliyoshiba zabibu huokwa taratibu, nyuzi 150 kwa muda wa saa mbili na nusu au tatu, kwa kuwa sukari ya matunda huungua upesi na rojo lake ni zito. Zile ndogo za kwenye vikombe vya karatasi hupenda nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20.

Mikate

Mkate wa hamira unataka moto mkali mwanzoni. Hamira haifi mara tu inapoingia kwenye oveni; inaendelea kufanya kazi kwa bidii hadi donge lenyewe lifikie nyuzi 55 au 60 hivi, na katika dakika hizo kama 10 ndipo mkate unapopanda kwa mara ya mwisho. Kwa hiyo boflo la nyumbani huanza kwa nyuzi 220, moto wa juu na chini, likiwa na bakuli la chuma lenye maji ya moto kwenye rafu ya chini kabisa ili mvuke ulainishe ganda lisiwahi kukakamaa. Baada ya dakika 15 toa maji, shusha hadi nyuzi 190, na uendelee dakika nyingine 15 hadi 20. Ligeuze na uligonge kitako kwa kidole. Likilia kama ngoma limeiva.

Skonzi na mikate laini yenye maziwa, sukari na mayai isipewe moto huo. Sukari na maziwa hugeuka kahawia upesi, na mikate hiyo hufaa nyuzi 180 kwa dakika 15 hadi 20. Maandazi ya kuoka nayo huingia kundi hilo, ingawa naeleza wazi kwamba andazi la kuoka ni mkate mzuri mdogo na mtu asilitarajie liwe na utamu wa lile la kukaangwa.

Mkate wa kumimina, ule wa mchele, tui, hamira na iliki, kwenye oveni hufuata njia ya bibi bila kupunguza kitu. Pasha chombo chenye mafuta juu ya jiko, mimina rojo lililoumuka, na uliache kwenye moto mdogo kwa dakika tano hadi pembeni pashike na vitundu vianze kujitokeza. Hapo lihamishie kwenye oveni iliyokwisha kupata nyuzi 180, rafu ya kati, moto wa juu na chini, kwa dakika 20 hadi 25. Uso ukibaki mweupe, washa grili kwa dakika moja au mbili na usiondoke mlangoni. Mkate wa ufuta nao, ambao Zanzibar hushikizwa kwenye kikaango na kisha kikaango hicho kugeuziwa makaa, unaweza kuivishwa uso wake chini ya grili kali kwenye rafu ya juu kwa kiasi cha dakika tatu, mradi mpini wa kikaango ni wa chuma.

Nyama na samaki

Swali la kwanza juu ya nyama ni kama ni laini au ngumu, na jibu lake ndilo linalochagua mpangilio. Kuku wa kisasa wa kilo moja na nusu ni laini tayari. Anachohitaji ni kuiva hadi ndani na kupata ngozi kavu. Mpe nyuzi 190 za moto wa juu na chini, au 170 pamoja na feni, ambayo kwa maoni yangu inamfaa zaidi, na hesabu dakika 45 kwa kila kilo pamoja na dakika 20 za nyongeza. Sehemu nene ya paja isiyogusa mfupa inapaswa kufika nyuzi 74. Asiye na kipimajoto cha nyama achome hapo na kutazama maji yanayotoka, ambayo yanatakiwa kuwa meupe bila dalili ya wekundu. Ukimpaka viungo vyenye asali au sukari, mpake dakika 15 za mwisho tu.

Kuku wa kienyeji aliyekomaa, mguu wa mbuzi na nyama ya ng'ombe ya bega ni habari nyingine kabisa. Nyama hizi zina nyuzinyuzi na kano nyingi, na kano hulainika kuwa utelezi mtamu kwa joto la wastani la muda mrefu, wakati moto mkali huzikaza na kukamua maji yote. Mguu wa mbuzi wa kilo mbili, uliolazwa katika tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu usiku, uweke kwenye trei yenye kikombe cha maji, uufunike kwa foili bila kuacha upenyo, na uuache kwenye nyuzi 160 kwa saa tatu, rafu ya chini ya kati. Ndipo uondoe foili, upandishe hadi nyuzi 200 na feni, na uupe dakika 15 au 20 za kupata rangi. Wenye haraka hutanguliza nyuzi 200 tangu mwanzo, na wakapata nyama iliyo nyeusi nje na inayogombana na meno.

Samaki hana kano za kusubiriwa. Changu au tasi mzima wa robo tatu ya kilo huiva kwa nyuzi 200 katika dakika 20 hadi 25, na yuko tayari pale nyama ya karibu na uti inapoachana kwa uma na kuwa nyeupe isiyopenyeza mwanga. Samaki wa kupaka, ambaye kwa desturi hubanikwa, anafaa grili: banika kwanza pande zote mbili, kisha paka tui zito lenye viungo na umrudishe chini ya moto wa juu, rafu ya pili kutoka juu, hadi tui lipige madoa ya kahawia. Rudia kupaka mara mbili au tatu, kwa kuwa utamu wake uko kwenye tabaka hizo.

Vyakula vingine

Viazi mviringo vilivyochemshwa dakika nane, vikachujwa na kupakwa mafuta, hutaka nyuzi 200 na feni kwa dakika 35 hadi 45. Viazi vitamu vizima pamoja na maganda huhitaji nyuzi 200 kwa dakika 45 hadi saa nzima. Piza ipewe moto wote ulio nao, nyuzi 240 au 250, rafu ya chini, trei ikiwa imekwisha kuwa ya moto kabla unga haujaigusa, na itaiva kwa dakika 8 hadi 12. Makaroni ya kuoka ni nyuzi 180 kwa nusu saa, yakifunikwa mwanzoni na kufunuliwa mwishoni. Biskuti ni nyuzi 170 kwa dakika 12 hadi 15, na zitolewe zikiwa bado laini kidogo kwa sababu hukauka zikipoa. Korosho na karanga ni nyuzi 160, korosho dakika 12 hadi 15 na karanga kama 20, huku zikigeuzwa kila baada ya dakika tano.

Oveni ndogo za mezani na oveni za gesi

Katika oveni ndogo ya mezani koili ziko karibu sana na chakula, na hilo ndilo linalotawala kila uamuzi. Tumia rafu ya chini kwa kitu chochote kinachopanda, punguza nyuzi 10 hadi 15 kwenye keki na mikate, na uwe na foili karibu. Kuku mzima huko mara nyingi hugusa koili. Ni heri umkate vipande.

Oveni ya gesi kwa kawaida ina moto wa chini tu, hewa ya moto hupanda, na rafu ya juu huwa na joto kuliko ya chini. Mpangilio wako huko ni rafu: keki katikati, viazi na vitu vya kupata rangi juu, na chakula cha taratibu chini. Washa mlango ukiwa wazi kila mara. Moto usiposhika, funga gesi, acha mlango wazi kwa dakika kadhaa hadi harufu iishe, ndipo ujaribu tena. Nasisitiza hili kwa sababu gesi iliyokusanyika ndani hulipuka usoni mwa mtu.

Umeme ukikatika

Keki ikiwa imefika theluthi ya mwisho ya muda wake, usiguse mlango. Joto lililobaki ndani mara nyingi humaliza kazi, na utaipima kwa kijiti baada ya nusu saa. Nyama usiiache ikae nusu mbichi kwenye oveni inayopoa, kwa kuwa vuguvugu hilo ndilo vijidudu vinalolipenda. Ihamishie kwenye sufuria na uimalizie kwenye gesi au mkaa mara moja.

Keki iliyoingia oveni dakika chache tu bado inaokolewa. Tandaza mchanga mkavu na safi kwenye sufuria kubwa, uipashe juu ya jiko la mkaa, weka chombo cha keki juu ya mchanga kisiguse kuta, funika kwa mfuniko wa bati uliolala sawasawa, kisha palia makaa juu yake: chini machache, juu mengi.